Kutoka Getini Hadi Mizani

Janeffer alikuja kupima madirisha Jumatatu saa nne asubuhi, na mwenye nyumba amelala mle mle ndani. Tepu hakuwa nayo. Alikuwa na kamba ya katani, anaivuta kutoka pembe moja ya dirisha hadi nyingine, anafunga fundo, anahamia la pili. Eucabeth alimkuta hivyo. Alikuwa amechomoka shambani kati ya kupimisha majani mara ya kwanza na ya pili kuja kumgeuza mumewe, kikapu cha chai bado kiko mgongoni, akasimama mlangoni akimtazama mwanamke mwenzake anavyopima mapazia yake mapya katika nyumba ya watu.

Tuseme ukweli, kosa halikuwa la Janeffer. Mumewe, Kipkosgei, alikuwa ameajiriwa juzi kuendesha boila ya kiwanda, na walikuwa wamebanana watu sita katika chumba kimoja kule kambi ya chini. Ofisi ndiyo iliyomwambia kwamba nyumba nambari kumi na nne itakuwa wazi kabla ya Mwaka Mpya. Aibu ilimshika hata kabla hajaulizwa. Alisema alibisha hodi mara mbili, akasikia mzee anaguna, akadhani amekaribishwa. Akaikunja kamba yake polepole, na mafundo yake yote.

"Mama, sikujua bado mko," alisema.

Ndiyo, bado walikuwako. Opondo, mume wa Eucabeth, alikuwa ameendesha rola za kusaga majani katika kiwanda hicho miaka kumi na tisa, hadi asubuhi moja ya Agosti alipoinama kufunga kamba za viatu asiinuke. Kiharusi kikamchukua upande mzima wa kushoto: mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Mkono ulikuwa umelala kabisa. Mguu ulikuwa unakuja ukipenda. Maneno yalimtoka mazito, yakiteleza kama ya mtu aliyetoka kilabuni, na kwa sababu hiyo aliacha kusema na watu wa nje. Aliguna tu. Mtu aliyekuwa akisikika juu ya mngurumo wa mashine sasa alikuwa anaguna.

Barua ya kampuni ilikuwa chini ya mto wake. Ilisema kazi ya rola imekwisha kwake, hilo hakuna ubishi, ila getini kulikuwa na nafasi ya mlinzi. Ijumaa ya mwisho ya Novemba atafika mbele ya daktari wa kampuni na afisa wa wafanyakazi, atembee kutoka kizuizi cha getini hadi kwenye mizani ya malori na kurudi, bila kushikwa na mtu, bila fimbo. Akiweza, ana kazi na ana nyumba. Asipoweza, atastaafishwa kwa ugonjwa na atarudisha ufunguo katika siku thelathini.

Arudishe ufunguo aende wapi? Kwao kando ya ziwa kibanda chake cha ujana kilikuwa kimeanguka zamani, na nyumba ya kiume alikuwa hajajenga, kila mwaka akisema mwaka ujao. Mwanamume wa Kijaluo haendi na mkewe kulala katika nyumba ya mdogo wake. Afadhali alale njiani. Mtoto wao Phelix, aliyekuwa fundi wa matrekta kule Mulot, alikuwa ametuma ujumbe kwamba wazee warudi tu, baba mdogo atawapa chumba. Opondo aliposomewa ujumbe huo aligeukia ukuta, na Eucabeth akajua hapo hakuna la kujadili. Zilibaki wiki nne kasoro siku tatu.

*

Kila Jumatano alimpeleka hospitali ya misheni, kwa msichana mmoja wa Mogogosiek aitwaye Chepkosgei, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kutembea upya. Msichana mwembamba, viatu vya raba, hana maneno mengi. Jumatano hiyo Eucabeth alimwonyesha barua. Chepkosgei aliisoma mara mbili, akamsimamisha Opondo kwenye veranda ndefu karibu na ukuta, akamwambia atembee. Kisha akafanya jambo la ajabu: akafumba macho. Hakuwa anamtazama, alikuwa anamsikiliza. Kiatu cha kulia kiligonga simenti. Cha kushoto kikaburuta, kikaburuta, ndipo kikagonga.

Alisema mguu unafika, shida yake ni kwamba haujui saa ya kufika. Akachukua rula ya mbao, akaketi kwenye benchi, akaanza kugonga. Ko. Ko. Ko. Pole pole, kwa mwendo ule ule wa Opondo mwenyewe.

"Mzee, achana na mguu. Usiufikirie. Fikiria hii tu."

Opondo aliinua kichwa. Huyu ni mtu aliyeweza kusema kwa sikio kwamba beringi ya rola nambari tatu itakufa kesho kutwa. Kusikiliza ndiyo kazi aliyoijua. Alisimama akingoja, rula ikagonga, akatupa mguu wa kulia. Rula ikagonga, na ule wa kushoto, jamani, ukaja. Haukuja vizuri, lakini ulikuja kwa wakati. Kufikia mzunguko wa nne kule kuburuta kulikuwa kumefupika hata Eucabeth, asiyejua lolote la mazoezi, akasikia tofauti. Machozi yakamtoka na akayakasirikia.

Chepkosgei alimweleza masharti. Kwanza alihesabu hatua za Opondo kwa saa yake ya mkononi: arobaini na mbili kwa dakika. Basi mdundo ni arobaini na mbili, usizidi hata mmoja. Akizoea, wiki ijayo wataongeza kidogo, tena kidogo. Asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya shamba. Kitu chochote chenye sauti kinafaa.

"Lakini, Mama, wewe ndiye unamfuata. Yeye si wa kukufuata wewe," alisema.

Eucabeth aliitikia. Aliona ni jambo la mtoto kuweza.

*

Alitumia debe na mwiko. Njia ilikuwa ile ya kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji la kambi, na wanawake wenye ndoo walikuwa watazamaji. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri, na kambi ikazoea ile kelele. Siku ya tatu, jioni, Opondo alianza na mwendo mzuri na Eucabeth moyo ukafunguka. Aliona kizuizi cha geti, aliona nyumba imebaki yao, aliona Janeffer na kamba yake wakienda kupima kwingine. Debe lilikuwa linalia. Mwiko ulikuwa unaruka. Opondo akasema kitu ambacho hakikusikika, mguu wa kushoto ukaukosa mdundo mmoja, ukaukosa wa pili, na mwanamume mzima akaenda chini, uso kwenye ukingo wa mtaro wa bomba.

Mwanamke mmoja alicheka. Si kwa ubaya. Ni kile kicheko kinachomponyoka mtu kabla hajakikamata. Lakini Opondo alikisikia. Waliombeba ndani walikuwa wanne, na mmoja wao, aliyeshika miguu, alikuwa Janeffer. Alimlaza kitandani kwa upole, akatazama pembeni, akaondoka bila kuaga.

Walipobaki wawili waligombana kwa kunong'ona. Tangu mwaka ule wa vurugu za makabila, nyumba zilipochomwa huku na huku, watu wa ziwani waliobaki kambini walikuwa wamejifunza kuizungumza lugha yao nyuma ya mlango uliofungwa, na hata hasira zao walizitoa kwa sauti ya chini.

"Unanikimbiza," alisema Opondo, mdomo umevimba.

"Napiga vile niliambiwa."

"Unanikimbiza, Mama Phelix. Unataka nifike, ama unataka nife haraka upumzike?"

Neno hilo lilimwingia Eucabeth mpaka mifupani. Yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamgeuza, anamlisha, kisha anakimbia shambani kuchuna chai na kukatwa kilo kwa kuchelewa. Alilichukua debe, akalipiga hapo hapo kando ya kitanda, mapigo kumi kwa nguvu zake zote, mpaka jirani akagonga ukuta. Opondo alifunga macho. Kwa siku nne hakusimama tena. Na kwa siku hizo nne Eucabeth alimchukia mumewe, alimchukia waziwazi ndani ya moyo wake, halafu usingizi ulipokataa alijichukia mwenyewe.

*

Jumatano akaenda hospitalini peke yake, siku nzima ya kazi ikapotea. Alikwenda kumshtaki Opondo. Alieleza kila kitu, ukaidi wa mgonjwa, kuanguka, matusi, na akataka Chepkosgei aandike barua ya kumwonya, kwa sababu mtu mzima akikataa dawa lazima alazimishwe.

Chepkosgei hakuandika. Alimpa ile rula, akamkalisha kwenye benchi, akamwambia afumbe macho apige mdundo wa arobaini na mbili kama anavyopiga nyumbani. Eucabeth akapiga. Aliona ni upuuzi, lakini akapiga, na baada ya muda akaanza kuwaza mengine: sukuma wiki, sabuni, mizani ya kesho. Chepkosgei akamwambia aache.

"Umeanza na arobaini na mbili. Umemaliza themanini."

Hakuamini. Alisema saa ile ina kasoro. Wakarudia, safari hii Eucabeth akiwa amekaza meno. Sitini na nane. Akahamishia rula mkono wa kushoto. Sabini na tano. Ndipo Chepkosgei alipoishika mikono yake na kuigeuza. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa utomvu, weusi usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Mama, umechuna chai miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Basi bado unachuna."

Eucabeth aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Ilikuwa kweli. Shambani hakuna mkono unaosimama mahali pamoja. Ukishaipata kasi yako unaiongeza, kwa sababu nyapara anapita, kwa sababu jirani yako amekupita safu nzima, kwa sababu kikapu chepesi ni chakula chepesi. Mikono yote miwili, miaka kumi na saba, imefundishwa jambo hilo moja tu. Ilipopata mdundo, ilikimbia. Na mbele yake hapakuwa na safu ya chai, palikuwa na mguu wa Opondo. Alisikia aibu ya ajabu, aibu ya mtu aliyepatikana na kosa alilolifanya kwa bidii.

Akauliza sasa itakuwaje, maana mikono mingine hana. Chepkosgei alifikiri, akauliza: je, miguu? Shambani miguu haikimbii. Unapiga hatua moja kati ya miche, unasimama, unachuna, ndipo unasogeza mwingine. Akamwambia agonge sakafu kwa kisigino, macho yamefumbwa. Dakika tano. Alipomaliza, msichana aliitazama saa na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Arobaini na tatu.

*

Kumwambia mwanamume aliyekununia siku nne kwamba kosa lilikuwa lako si kazi ndogo. Eucabeth aliingia, akaweka uji mezani, akasimama.

"Ilikuwa mikono yangu," alisema. "Ulisema kweli. Nilikuwa nakukimbiza."

Akamweleza ya rula na ya saa. Opondo alikunywa uji wake hadi ukaisha, kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. Kisha akaomba viatu vyake.

Walianza upya, na sasa hawakuwa na siku za kupoteza. Eucabeth alivaa gambuti zake za mpira za shamba, zenye visigino vizito, akafunga mikono nyuma ya mgongo kama mfungwa, akatembea ubavuni mwa mumewe akipiga ardhi. Du. Du. Du. Mvua za Novemba ziligeuza njia kuwa matope, wakahamia kwenye simenti ya veranda, mbele ya milango ya majirani, wakienda na kurudi. Arobaini na nne. Arobaini na sita. Opondo alianguka mara moja tena, akaamka kabla ya mtu kumfikia. Siku tatu kabla ya Ijumaa alitoka mlango wa nyumba hadi mwisho wa veranda na kurudi asiguse ukuta, na Eucabeth akaenda nyuma ya jiko akalia kwa raha yake.

Alikuwa ameipima pia ile njia ya getini, kwa hatua fupi fupi za mumewe, watu wakidhani amerukwa na akili. Hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi. Usiku alizihesabu kitandani badala ya kusali.

*

Ijumaa saa tatu matrekta yalikuwa yameshafika na majani ya asubuhi, na wachunaji wamepanga foleni kando ya mizani. Hakuna aliyewaita kutazama, walikuwa kazini. Daktari Gekara alisimama na faili yake, mtu mpole mwenye usingizi. Kando yake alikuwa Bwana Kiptanui, afisa wa wafanyakazi, ambaye mpole hakuwa, ila hakuwa mwongo pia. Opondo alivaa koti lake la kiwandani, limepigwa pasi, mkono wa kushoto umetiwa mfukoni usining'inie.

Eucabeth aliuliza kama anaweza kutembea kando yake. Barua ilisema asishikwe, haikusema asisindikizwe. Gekara akasema haya. Basi akafunga mikono nyuma, akapiga kisigino, na wakaondoka getini. Du, du. Alihesabu moyoni na hakuona kitu kingine duniani isipokuwa kile kiatu cha kushoto. Kwenye hatua ya arobaini na moja, Opondo aliweka mkono wake wa kulia juu ya chuma cha mizani. Katika foleni mtu mmoja alipiga makofi mawili, akaacha.

Gekara aliandika. Halafu Kiptanui akasafisha koo.

"Mama, hongera. Sasa niambie. Akiwa zamu getini usiku mzima, utakuwa unampigia gambuti?"

Eucabeth alimtazama daktari, na daktari akatazama faili. Kiptanui alisema swali lake si la ukatili. Lori likipiga honi mlinzi anatoka peke yake. Kwa hiyo kurudi, mzee arudi peke yake. Na ili pasiwe na maneno baadaye, mama avue gambuti abaki hapa.

Alizivua mbele ya foleni nzima. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, vidole viwili nje. Alisimama juu ya kokoto baridi, gambuti mkononi, na aibu ile aliimeza, kwa sababu Opondo alikuwa ameshaanza.

Hatua sita zilikuwa safi. Ya saba ikaburuta. Kiwanda kilikuwa kinanguruma nyuma yake, mngurumo mmoja mrefu usio na mdundo, usioweza kumsaidia mtu. Hatua ya kumi ilichelewa, ya kumi na moja ikachelewa zaidi, na alipofika kama theluthi ya njia alisimama. Aliyumba. Getini lori lilikuwa limefika, dereva akikanyaga mafuta kwa kukosa subira. Vidole vya Eucabeth vilikuwa vinacheza juu ya mpira wa gambuti, haraka haraka, akavikaza. Nyuma yake mtu akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee amekwisha. Eucabeth alijua nyumba imekwenda. 

Kisha akasikia sauti ya mumewe.

"Achiel," alisema Opondo.

Moja. Kwa Kijaluo, mdomo umepinda, neno limelowa, na kwa sauti ile ya zamani ya kushinda mashine. Kiatu cha kulia kikatua.

"Ariyo."

Mbili. Na wa kushoto ukaja.

Vichwa viligeuka foleni nzima.  Miaka mitatu tangu vurugu hakuna mtu wa ziwani aliyeipaza lugha hiyo katika uwanja ule, na huyu hapa, aliyekuwa akiona haya kusema hata akaguna tu, anaitangaza kwa watu wote na kwa mdomo wake uliopotoka. Eucabeth alifungua kinywa amwambie anyamaze. Alitaka kabisa kumwambia. Lakini kiatu cha kushoto kilikuwa kinatua kwa wakati wake, achiel, ariyo, achiel, ariyo, wala hakuendelea hadi tatu, alizirudia hizo mbili tu, moja ya kila mguu. Eucabeth akafunga kinywa.

Hakuna aliyecheka. Kiptanui aliacha kupekua karatasi. Opondo alikwenda, jasho likimtiririka, akihesabu kwa nguvu kama mtu anayebishana na mtu, mpaka akakifikia kizuizi. Na hapo, bila kuambiwa, alibonyeza chini uzito ulio mwisho wa kizuizi kwa mkono wa kulia, bomba lake likainuka, lori likapita.

Gekara alitia sahihi kwanza. Kiptanui alisoma, akasema ni miezi mitatu ya majaribio na si zaidi, kisha naye akatia sahihi. Nyumba nambari kumi na nne ilibaki yao.

Eucabeth hakungoja nakala ya barua. Alivuka uwanja na soksi zake zilizotoboka. Opondo alikuwa bado ameshika kizuizi, bado anahesabu, sauti imeshuka. Alipomkaribia alimwambia kwa Kijaluo, bila kunong'ona, sauti ikisikika hadi kwenye mizani, kwamba amefika, sasa anaweza kunyamaza.

"Siwezi," alisema Opondo. "Nikinyamaza nitaanguka."

Basi Eucabeth akasimama ubavuni mwake, akamshika kiuno, wakahesabu wote wawili kwa sauti hadi mtu akaleta kiti.